Mla Jana Kala Nini

Niliinunua Alhamisi, sokoni El Alto,
kati ya pasi mbovu na viatu vya mguu mmoja.
Muuzaji akaifuta vumbi kwa kiwiko:
Hii haitaki betri, dada. Inakula jua.
Nikacheka. Huku kwetu juu, mita elfu nne kasoro kidogo,
jua ndilo kitu pekee tusichokopa.

Nzito kama jiwe la kusagia pilipili.
Mkanda unauvuta mwenyewe kwa kidole gumba,
tundu la lenzi unalizungusha mwenyewe,
kasi unaichagua, na kosa likitokea ni lako.
Ni mshale mmoja tu ndani, mwembamba kama ukope,
unaoishi kwa jua.
Kwenye paji la kamera kuna vioo vitano, buluu ya kukolea;
mwanga ukivigusa, mshale unaamka
kukwambia picha itaungua au itazama gizani.
Vifunike kwa kiganja: umelala.
Haina ghala, haina kibubu.
Mla ni mla leo.

Nimepiga nayo harusi, na llama wenye nyuzi nyekundu masikioni,
na Hilaria akipakua supu ya karanga, mvuke umemla nusu ya uso.
Llallagua nzima imo kwenye makasha yangu ya biskuti
isipokuwa baba,
anayeingia mgodini kabla jua halijatoka
na kutoka likiwa limeshaingia.
Jumapili, nikamwambia.
Jumapili si mimi, akasema. Jumapili ni shati.

Basi nikashuka naye.
Walinung'unika mlangoni: mwanamke akiingia, bati hujificha.
Baba akatema jani la koka.
Bati limejificha tangu mwaka juzi.
Alikuwa ameingia nani?

Hatua ya arobaini, mshale ukalala.
Tukampita Tío, shetani wa udongo mwenye mgodi wake,
sigara mdomoni, imezimika;
Eleuterio akamwashia, kwa adabu, kama unavyomwashia mkwe.
Chini kabisa wakaketi: baba, Eleuterio, Primitivo,
na kijana Rómulo ambaye kofia ilimzidi,
mashavu yamevimba koka, maji yakidondoka mahali.

Imekufa?
Hapana. Ina njaa.
Eleuterio akavua kofia, akailekezea kamera taa yake.
Kisha Primitivo. Kisha kijana. Kisha baba.
Taa nne kwenye paji moja, kama waganga juu ya mgonjwa.
Mshale ukatikisika, ukaamka,
ukachungulia kupitia lenzi,
ukaanguka tena chini kabisa:
Sioni mtu.
Mwanga wote tulikuwa tumemlisha mtazamaji.

Walicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi,
ambapo kwao si mbali.
Rudisheni taa, baba akasema. Ilale na njaa.
Wewe umekula?
Nimekula.
Basi pima wewe.

Wakaangazana nyuso.
Nikafungua tundu lote, kiwiko kwenye mwamba,
nikazuia pumzi na kuhesabu sekunde nzima
kwa akili ya mpishi asiye na kijiko cha kupimia.

Baba ametoka sawasawa, mpaka chembe za vumbi kwenye nyusi.
Rómulo ni kofia tu.
Eleuterio alikuwa bado anakohoa:
palipopaswa kuwa na uso pana mfereji wa mwanga.
Niliona haya kumpa Hilaria picha ile, baada ya kanivali,
aliponijia na kitambaa cheusi kichwani.
Akaishika muda mrefu.
Ndiye, akasema. Hakujua kutulia.

Asubuhi naiweka kamera dirishani,
paji limeelekea mashariki.
Haiweki akiba, najua.
Mshale unapanda polepole,
unapima ukuta wa jirani, kamba ya nguo,
na shati la Jumapili la baba
likidondoka maji.